Saumu Hapandi Ngazi

Jumatatu, 8 Septemba

Maji hayakutoka tena. Ndoo mbili za akiba zimetosha. Malori yamefungana kutoka Changamwe hadi hapa Magongo tangu alfajiri, honi juu ya honi. Nimetuma habari mbili kabla ya saa nne: moto kwenye ghala la magunia, hakuna aliyeumia; na mashimo ya barabarani, yale yale ya mwaka jana.

Mchana, barua pepe kutoka kwa mhariri wa vitabu Nairobi. Wanachapisha upya vitabu vyote kumi na viwili vya Saumu Mpelelezi. Saumu ni msichana wa Kisauni, miaka kumi na mitatu, daftari mkononi na penseli nyuma ya sikio, anayewanasa wezi waliowashinda polisi. Vilitoka nilipokuwa mwandishi mchanga. Nilivisoma ofisini, nimevificha ndani ya faili. Jaladani palikuwa na jina la kubuni, A. Bandari. Mwenyewe hakujulikana.

Miaka kumi na mmoja iliyopita niliandika gazetini kwamba A. Bandari ni Mwalimu Shee, mstaafu wa Likoni. Habari ile ilinipa sifa. Sasa wanataka kuweka jina lake halisi jaladani, na dibaji niandike mimi. Maneno mia nne, mwisho tarehe 22. Majalada yanaingia mtamboni Ijumaa tarehe 26, saa sita mchana. Mhariri ameongeza kwamba Mwalimu amemwandikia akikana kabisa. "Mnyenyekevu kweli, kama ulivyosema kwenye makala yako."

Kazi rahisi. Nimekubali.

Jumanne, 9 Septemba

Nimevitoa vitabu sandukuni. Vumbi, mende mmoja, kitabu cha nne hakina jalada.

Nimempa Mishi. Ni binti wa kaka yangu, ana miaka kumi na miwili, anakaa kwangu muhula mzima kwa sababu shule iko karibu. Nataka kujua mtoto wa leo ataona nini. Itanisaidia kwenye dibaji. Akamwita rafiki yake Achieng' wa ploti ya pili. Wamegawana sita sita.

Saa mbili nzima nyumba kimya. Haijawahi kutokea.

Alhamisi, 11 Septemba

Achieng' ana malalamiko. Ameyaleta jikoni, mimi nakuna nazi.

"Shangazi, huyu Saumu ni mvivu."

Nikamwambia mtu aliyewanasa wezi kumi na wawili si mvivu.

"Manze, hapandi ngazi! Mwizi akikimbilia ghorofani, yeye anangoja chini. Kila siku anangoja chini. Na mwizi kila siku anashuka. Wezi gani hawa?"

Mishi alicheka hadi akakaa sakafuni. Mimi nilimjibu kwamba huo ni mtindo wa mwandishi. Nikaendelea na nazi. Nilivisoma vyote kumi na viwili na sikuliona hilo. Limenikera kidogo.

Ijumaa, 12 Septemba

Ukuta wa sebule una karatasi ya manila. Kichwa cha habari, kwa kalamu nyekundu: MAMBO AMBAYO SAUMU HAFANYI.

Hapandi ngazi. Ngazi zimetajwa mara kumi na tisa, amepanda sifuri. Harukii mitaro. Hakimbii kwenye mchanga. Hapandi miti, ingawa kitabu cha pili kina mwembe na mwizi yuko juu yake; Saumu alimngoja mpaka mwizi akasikia njaa.

Wamefungua safu ya pili: MAMBO ANAYOYAONA KILA MARA. Vizingiti vya milango, vyote, na urefu wake. Miteremko. Wapi pana lami na wapi hapana. Sijapata kusoma vitabu vya watoto vyenye habari nyingi hivi za lami.

Nimewaambia wasigundishe kwa gundi ya maji. Wamekwisha kugundisha.

Jumapili, 14 Septemba

Leo Mishi amekaa kwenye kibao cha mbuzi katikati ya sebule na hakutaka kuondoka. Nikamuuliza ana nini. Akaniambia nisimame mbele yake, kisha akanieleza kama Saumu anavyowaeleza watu: mkanda, kifungo kilicholegea, mikono, saa, pindo la nguo, viatu. Uso mwisho.

"Shangazi, Saumu anawaona watu kiunoni kwanza. Wote. Huyu aliyeandika alikuwa amekaa."

Achieng' akaongeza kwamba hakukaa siku moja. Alikaa vitabu kumi na viwili.

 Mwalimu Shee nimemwona mara nyingi. Ni mrefu, anatembea kwenda msikitini na kurudi, na nyumba yake ina ghorofa.

Usiku nimelitafuta daftari langu la miaka kumi na mmoja iliyopita. Huwa situpi madaftari. Swali langu liko pale: Je, wewe ndiye A. Bandari? Jibu lake: "Si mimi, mwanangu." Nikamuuliza tena. "Wallahi si mimi. Mimi mtu mdogo." Mara ya tatu akacheka tu, akaniongezea kahawa. Pembeni nimeandika kwa mkono wangu, na kupigia mstari: unyenyekevu.

Huku kwetu mtu wa adabu akisifiwa hukana. Mgeni akikaribishwa chakula husema ameshiba, nawe unampakulia. Nilimpakulia Mwalimu Shee vitabu kumi na viwili. Yeye alikuwa ameshiba kweli.

Jumanne, 16 Septemba

Nimevuka kwenda Likoni. Mwalimu Shee alikuwa barazani, kanzu imepigwa pasi, gazeti mkononi. Shikamoo, marahaba, hali, watoto, kazi, mvua. Hapa huwezi kuruka hatua.

Kisha nikamwambia: "Mwalimu, mara hii nakusikiliza. Ni wewe?"

Akaliweka gazeti chini.

"Miaka kumi na mmoja, mwanangu. Kila nikisema si mimi, watu waniongeza heshima. Nimekana kwenye harusi, wakanipigia makofi. Nimekana mbele ya imamu, akanitolea mfano kwenye hotuba. Niseme na nani tena?"

Nikamwomba radhi, nikamweleza wasichana walivyogundua kwamba mwandishi alikuwa amekaa. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mimi sikucheka. Nimeona haya, na ninaandika hivyo.

Kazi yake ilikuwa kupiga taipu hadithi na kuzituma Nairobi. Jina la kubuni alilitunga yeye. Mwenye vitabu alimtaka asimtaje, naye alitoa ahadi. Hatamtaja. Malipo yote, asema, yalimfika mwenyewe. Nilijaribu maswali matano ya kuzungukazunguka, yale ninayowatumia wanasiasa. Hakuna. Mtu aliyefundisha watoto miaka thelathini na tano huwezi kumzunguka.

Aliponisindikiza mlangoni akasema jambo moja: "Watoto wako wamesoma vizuri kuliko sisi sote."

Hakukanusha mambo ya kukaa.

Jumatano, 17 Septemba

Nimewaeleza wasichana nilipofika. Nimewaeleza pia kwamba kosa ni langu. Achieng' akauliza kama mwandishi wa habari akikosea hufutwa kazi. Nikasema huandika masahihisho. Akaona ni adhabu ndogo.

Mishi alikwenda chumbani, akarudi na kitabu cha saba. Ukurasa wa arobaini, Saumu anamtambua mwizi kwa mshono wa kandambili yake: uzi umepita mara mbili chini ya kidole, shanga sita, fundo limefichwa ndani. Akavua kiatu chake, akakiweka mezani. Nilimnunulia mimi mwaka jana. Uzi mara mbili, shanga sita, fundo ndani.

Nilikinunua Bombolulu, kwenye karakana ambayo mafundi wake wengi ni walemavu.

Hii si hakika. Ni dhana nzuri. Tofauti yake nimewaeleza wasichana kwa dakika kumi. Wamesikiliza dakika mbili.

Jumamosi, 20 Septemba

Bombolulu na wasichana, vitabu mkononi, saa tatu asubuhi. Sikutaka kuuliza ovyo, nikiharibu siri ya mtu mbele ya wenzake. Niliuliza nani alianzisha ushonaji wa kandambili za shanga sita. Wakanionyesha meza ya dirishani.

Bi Kadzo Chengo. Miaka sabini na kitu. Kiti cha magurudumu, magurudumu yamezungushiwa mpira mpya. Miwani kwenye kamba. Mikono yenye kasi kuliko ya Mishi. Jirani yake mezani, Mama Tabu, alikuwa amekwenda kunywa chai. Nikajitambulisha kwa sauti ndogo. Nikasema Mwalimu Shee hakusema neno.

"Najua hakusema. Angesema ningemrukia."

Kisha akawageukia wasichana. Akawahoji kama polisi. Mwizi wa kitabu cha tatu aliitwaje? Paka wa Saumu ana rangi gani? Nani aliyemdanganya mama yake kitabu cha kumi, na kwa nini alisamehewa? Walijibu yote. Uso wake haukubadilika, lakini shanga ziliacha kwenda.

Mishi akamweleza kuhusu ngazi, mikanda na vizingiti. Bi Kadzo alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akacheka, kicheko kikubwa, wa meza ya tatu wakageuka.

"Mimi sikujua! Naapa sikujua. Nilidhani namwandika mtoto mzima miguu yote miwili. Kumbe nimemkalisha kitini vitabu kumi na viwili!"

Nikamweleza kuhusu majalada. Jina la Mwalimu Shee litachapishwa Ijumaa ijayo, mwenye jina hataki, na mwenye vitabu ni yeye. Akaacha kucheka. Akasema hapana.

Nimeyanakili maneno yake kama yalivyo: "Nilipoanza kuandika, watu wakiniona walinisikitikia kabla sijafungua mdomo. Nilitaka wamsome Saumu, wasisome miguu yangu. Sasa mniweke gazetini, mama mlemavu aliyeandika vitabu? Hapana, mwanangu. Afadhali kofia ya Shee."

Sikumbishia. Mtu ana haki na jina lake, hata haki ya kulificha. Nilifunga daftari mbele yake ili aone limefungwa.

Tulipokuwa tunaondoka, Achieng' akageuka. "Lakini Bibi, kitabu cha tisa ulikosea. Ufunguo. Sura ya tatu Saumu anauacha mezani. Sura ya nane anautoa kiatuni. Ulifikaje?"

Bi Kadzo aliivua miwani. "Mezani? Nani kasema mezani?"

Achieng' akamwonyesha ukurasa. Mama yule alisoma mara mbili, midomo inatikisika. Akasema jina la Mwalimu Shee na neno jingine la Kigiriama ambalo sikulifahamu na sikuliuliza.

Kumbe hajawahi kukifungua kitabu chake hata kimoja baada ya kutoka mtamboni. Aliogopa. Tumemwachia kitabu cha tisa, kwa amri yake.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimempigia mhariri Nairobi. Dibaji hakuna. Mwandishi si Mwalimu Shee, nilikosea, wa kweli nimempata na hajaniruhusu kumtaja.  Kisha akauliza kama natania.

Anaweza kurudisha A. Bandari jaladani? Hapana. Tangazo la jina halisi limekwisha kutoka, wauzaji wameagiza kwa jina hilo. Bila mwandishi mwenyewe kuandika na kutia sahihi, litakwenda la Mwalimu Shee. Ijumaa saa sita, basi.

Nikamuuliza pia, kwa vile jambo lilikuwa kichwani, kama wanaweza kurekebisha ufunguo wa kitabu cha tisa. Akasema bila idhini ya mwandishi hawagusi hata nukta.

Kamhariri kangu ka habari nako nimekaambia. Masahihisho ya makala ya miaka kumi na mmoja? Kamecheka simuni, lakini kamekubali. Kana miaka ishirini na tisa, naona hakakuwa kamemaliza shule nilipoiandika.

Jumatano, 24 Septemba

Hakuna simu. Nimeandika habari ya foleni ya malori. Wasichana wamenuna. Mishi amesema tungembembeleza. Nimesema hatubembelezi watu. Amesema hiyo ndiyo sababu mimi sina marafiki.

Nina marafiki wanne.

Kama Ijumaa itapita, vitabu vile vitakaa na jina la mtu mwingine hadi tufe sote, na aliyelianzisha jina hilo ni mimi. Nimekunywa chai tatu, zote zimepoa kabla sijamaliza.

Alhamisi, 25 Septemba

Simu saa kumi na mbili asubuhi. Bila salamu.

"Shee ameniharibia kitabu!"

Alikuwa amempigia Mwalimu Shee jana. Waligombana saa nzima. Ukweli umepatikana. Kwenye maandishi yake ya mkono, Saumu anauficha ufunguo kiatuni tangu sura ya tatu. Mwalimu alipofika hapo na taipu yake, akasema msichana hawezi kutembea na ufunguo kiatuni mji mzima, utamchoma. Akauhamishia mezani. Sura ya nane akasahau.

"Mimi kiatu changu natia hata simu," Bi Kadzo akasema. "Sikujua utachoma! Lakini si angeniuliza?"

Amesoma kitabu chote kwa siku tatu. Anataka pasahihishwe. Watoto wapya watakisoma na watadhani A. Bandari ni mzembe.

Nikamweleza alichosema mhariri. Hawagusi hata nukta bila mwandishi. Nikamwambia tena, polepole, ili asidhani nimemtega: akitaka kurekebisha, atalazimika kuwa yeye. Asipotaka, mimi sitamlaumu na sitaandika.

Nilisikia gurudumu likizunguka sakafuni. Likarudi. Nilihesabu mara nne.

"Njoo na wale wasichana. Waje na kalamu. Na hayo ya miguu yangu kwenye gazeti lako yasiwe mstari wa kwanza."

Nikamwambia hayatakuwamo kabisa asipotaka.

"Yatie mstari wa mwisho. Nisomwe kwanza."

Jioni tulikuwa kwake, chumba cha kupanga nyuma ya karakana, mlango mpana, kizingiti kimevunjwa kwa nyundo. Mabishano makali. Mishi alitaka ufunguo uwe mfukoni. Achieng' alitaka uwe kwenye nywele. Bi Kadzo aliwasikiliza, akafikiri, akasema utabaki kiatuni, nao utamchoma.

"Atachechemea. Kuanzia sura ya tatu hadi ya nane. Mwizi atamwona anachechemea, atamdharau, ataacha kujificha. Ndivyo atakavyonaswa."

Wasichana walipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Sentensi kumi na moja zilibadilika. Bi Kadzo alizisema, Mishi akaziandika, Achieng' akazisoma kwa sauti. Nilikaa kitandani na kushika taa, umeme ulikuwa umepotea. Nimefurahi kuliko nilivyofurahi mwaka huu wote. Naliandika kama lilivyo.

Ijumaa, 26 Septemba

Barua na sahihi zimetumwa saa tano na dakika ishirini. Mhariri amejibu saa tano na thelathini na nane: imepokelewa, jalada limebadilishwa, marekebisho yote kumi na moja yameingia. Na swali: ameandika kitu kingine huyu mama?

Nimemjulisha Mwalimu Shee kwa simu. "Alhamdulillahi," akasema. "Sasa nikienda harusini nitakula kwa amani." Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama Kadzo bado amekasirika. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri, miaka mingi hawajagombana.

Jumatatu, 29 Septemba

Masahihisho yametoka leo, ukurasa wa kumi na nne, chini kabisa, karibu na tangazo la matangi ya maji. Sentensi nne, hayo ya miguu katika ya mwisho. Zote ni kweli.

Mhariri amenitumia picha ya jalada. Nimeipeleka Bombolulu mwenyewe. Karakana ilikuwa tulivu, kazi za asubuhi. Bi Kadzo alivaa miwani, akaishika simu mbali, akaileta karibu. Kadzo Chengo, herufi nyeupe juu ya bluu. Alisema herufi ni ndogo. Nikasema nitawaambia. Akasema niache, zinasomeka.

Akaisogeza simu kwa Mama Tabu, aliyefanya naye kazi meza moja miaka ishirini.

"Huyu ni mimi."

Mama Tabu aliangalia, akamwangalia mwenzake, akaangalia tena. "Kumbe ndiyo maana ulikuwa ukiniuliza mambo ya wezi," akasema. Akaipeleka simu meza ya pili.

Ilikwenda meza hadi meza. Hakuna aliyepaza sauti. Kila mmoja alisoma, akatafuta dirishani kwa macho, akapitisha. Bi Kadzo alikuwa ameinama kwenye shanga zake, lakini alikuwa ametunga tatu tu.

Simu ilinirudia baada ya dakika arobaini, ina gundi kwenye kioo. Sikuwa na haraka.